Meli Ikishaondoka

Katika Star Trek, kile kipindi cha zamani cha Marekani cha safari za anga, meli imeshaiacha sayari ndipo Daktari McCoy anapokiri, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, kwamba kifaa chake cha mawasiliano hana. Anadhani amekisahau ofisini kwa Bela Okmyx, jambazi mkuu wa sayari ambayo kila mtu ni jambazi. Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock wanakumbushana kilichomo ndani ya kidude kile: kijenzi ambacho ndicho msingi wa kila chombo chao cha maana. Kirk anafanya mzaha kwamba miaka michache ijayo watu hao watakuja kudai fungu lao kwetu. Muziki unapigwa, majina yanapita.

Mpwa wangu hakucheka.

"Mjomba, halafu?"

"Halafu nini? Imeisha hiyo."

"Si wameacha simu yao? Na hao watu si wanaiga kila wanachokiona? Halafu ikawaje?"

Nikamweleza kwamba hakuna halafu. Wiki inayofuata Kirk yuko kwingine na ana balaa jingine. Akaguna, akachukua chaji yake, akaenda kulala. Alikuwa amekuja kukaa nasi akisubiri matokeo ya kidato cha nne, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kumwonyesha Star Trek ya zamani, nikidhani atacheka ile rangi na zile suruali. Badala yake aliniachia swali ambalo nimekuwa nalo kwenye daladala, kwenye foleni ya benki na katika vikao ambavyo nilipaswa kuwa naandika.

## Kitabu juu ya marfaa

Mnaoikumbuka "A Piece of the Action" ya Januari 1968 mnaijua hadithi yake. Miaka mia kabla ya Kirk, meli nyingine ilipita Sigma Iotia II ikaacha kitabu kuhusu magenge ya Chicago ya miaka ya 1920. Waiotia ni watu werevu na waigaji wa hali ya juu. Wakakishika kitabu kile wakajenga nacho dunia: kofia, magari, bunduki za Thompson, mitaa yenye wenyewe. Kitabu chenyewe kinaheshimiwa kama msahafu, na wakikitaja hawahitaji kusema ni kitabu gani.

Kirk anatatuaje? Anawakusanya wakubwa wa magenge, anaifanya meli ipige mtaa mzima kwa miali ya kuzimisha fahamu ili waone nguvu zake, kisha anawatangazia kwamba kuanzia leo kuna genge moja tu, na Shirikisho, ule muungano wa sayari anaoutumikia, litachukua asilimia 40. Spock akiuliza mapato hayo yataelezwaje makao makuu, Kirk anajibu kwamba yatawekwa kwenye hazina ya sayari hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi niliichukulia kama vichekesho, na vichekesho vizuri. Kirk anayejaribu kuendesha gari lenye klachi bado ananivunja mbavu.

Lakini hebu tuhesabu walichoachiwa. Wageni wa kwanza waliacha kitabu. Wageni wa pili waliacha serikali iliyoundwa kwa vitisho vya siku moja, ahadi ya meli ya kuja kukusanya mgao kila mwaka, na kifaa ambacho kikifunguliwa kwa bisibisi kinatoa siri ya teknolojia yao yote.

Na hao wa pili ndio waliokuja kurekebisha.

Nilirudi kuziangalia nyingine za msimu huo nikiwa na swali la mpwa wangu mkononi. Mwaka 1968, kati ya katikati ya Januari na katikati ya Machi, watazamaji wa Marekani walipewa sayari ya magenge ya Chicago, kisha Ekos ya Wanazi, kisha Omega IV ambako washenzi wa porini wanakariri Katiba ya Marekani bila kuelewa wanachosema, kisha 892-IV, Roma ambayo haikuanguka, yenye televisheni na mapambano ya mapanga yanayorushwa hewani.

Hiyo ya Roma ndiyo iliyoniudhi. Watumwa wanaofichama mapangoni wanadhaniwa kuwa wanaabudu jua. Mwishoni Uhura, afisa wa mawasiliano wa meli, ambaye amekuwa akisikiliza redio za sayari hiyo, ndiye anayewafumbua macho wanaume: hawa ni wafuasi wa Kristo wa huko kwao. (Nina upendeleo hapa, siwezi kuficha. Dada huyu ndiye aliyesemeshwa Kiswahili ndani ya kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, mwaka 1966, na kiumbe kilichojigeuza mwanamume Mwafrika. Mtu wetu ndani ya meli.) Kirk anapata uso wa ndoto. Anasema lingekuwa jambo la ajabu kuliona likitokea upya, kuwa sehemu yake.

Kuliona lipi? Kama historia itafuata njia ile ile, kinachowasubiri watu hao ni karne za kuuawa hadharani, safari hii mbele ya kamera. Flavius, mpiganaji aliyewasaidia Kirk na wenzake, alishakufa dakika chache zilizopita. Kwa Kirk mateso hayo ni sura aliyowahi kuisoma shuleni na anajua inaishaje. Kwa aliye kule pangoni hakuna anayejua inaishaje.

Na meli inaondoka.

## Hesabu ya mavazi

Nilianza kwa kuwalaumu waandishi. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila shabiki mzee analijua na huwa halifikirii: sayari hizi hazikuzaliwa na falsafa, zilizaliwa na bajeti. Katika andiko alilolitumia Gene Roddenberry kuuza wazo lake mwaka 1964, dhana ya dunia sambamba imeelezwa waziwazi kama njia ya kutengeneza hadithi za kisayansi kwa gharama zinazobebeka, kwa sababu unaweza kutumia waigizaji, seti, viwanja na mavazi yaliyopo tayari. Studio ina ghala la suti za magenge? Basi kuna sayari ya magenge. Ina ngao za Kirumi? Roma inasubiri angani.

Ukitaka kuona kwa karibu, angalia mitaa. Mtaa wa sayari ya watoto katika "Miri", mji wa Beta III (sayari nitakayoirudia chini), na New York ya mwaka 1930 anakoangukia Kirk na kumpenda Edith Keeler, vyote ni uwanja mmoja wa studio huko Culver City, California, uliojulikana kama Forty Acres. Barabara hizo hizo ndizo alizotembea sherifu wa Mayberry katika kipindi cha Andy Griffith. Ukishazoea, unaanza kuzitambua pembe: ngazi ile, dirisha lile la duka.

Mwaka 1976 uwanja huo ulibomolewa, yakajengwa majengo ya biashara.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa ukali wa mwanasheria hatima ya Beta III ni ipi, jibu lenye ushahidi ni tingatinga.

Na kusahau kwenyewe kulikuwa sehemu ya mtambo. Televisheni ya Marekani wakati ule ilitaka kila kipindi kisimame peke yake, ili stesheni ikinunua mfululizo iweze kuurudia kwa mpangilio wowote inaoutaka na mtu aliyekosa wiki tatu asipotee. Kipindi kikianza Kirk hana kovu, hana kumbukumbu, hana deni. Ukiuliza kwa nini hakurudi Iotia, ni kama umeuliza kwa nini wimbo haukumbuki wimbo uliotangulia redioni.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nina sababu, inatosha, nirudi kwenye maisha yangu.

Haikutosha. Sababu ya kibajeti inaeleza kwa nini sayari zilivaa suti za Chicago. Haielezi kwa nini mimi, mtu mzima, niliangalia kwa miaka yote hiyo nikaridhika na meli kuondoka.

## Ninachofanya kuanzia Jumatatu

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, kwa sababu nadhani swali lilinibana kwa ajili yake. Mimi hufanya tathmini za miradi. Si zile za mradi ukiwa unaendelea, kukiwa na gari jipya na fulana. Naitwa miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa. Naenda kijijini kuuliza kile kisima kiko wapi.

Mara nyingi kisima kipo. Pampu ndiyo haipo, au ipo na mpini wake umefungwa kwa kamba. Mwenyekiti wa kamati ya maji ananiletea daftari la michango, limeandikwa vizuri kwa miezi kadhaa kisha kurasa zinakuwa nyeupe. Nikiuliza vipuri vinapatikana wapi, watu wanatazamana. Pampu ni ya aina ambayo dukani mjini hawaiuzi. Aliyeileta alikuwa na vipuri kwenye gari lake, na gari limeondoka naye. Katika ripoti ya kufunga mradi kuna picha ya mama anapiga pampu na maji yanatoka, na picha hiyo si ya uongo. Siku ile maji yalitoka.

Mwisho wa kila kipindi cha Kirk ni ile picha.

Sitaki kulivuta jambo hili mbali kuliko linavyofika. Waliotunga Star Trek hawakuwa wanaandika kuhusu visima vyetu. Walikuwa wanaandika Marekani ya miaka ya vita vya Vietnam, na Amri Kuu ya kutoingilia mambo ya wengine ilikuwa mjadala wao wenyewe. Ila nilipolitazama hivi, nikaacha kuuliza nani alikuwa mvivu nikaanza kuuliza nani alirudi. Maana wapo waliorudi. Si wengi.

## Peladon, mara ya pili

Bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kipindi cha Waingereza ambacho wengi hukitaja kwa ajili ya mazimwi yake: Doctor Who, hadithi za msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari, anayesafiri kwa chombo cha buluu, na sayari ya Peladon.

Peladon ni enzi za kati za Ulaya zilizopelekwa angani. Ngome juu ya mlima, mienge ukutani, mfalme kijana, kuhani mkuu, mnyama mtakatifu aitwaye Aggedor. Mara ya kwanza, mwaka 1972, swali ni kama sayari ijiunge na Shirikisho la Kigalaksi. Kuhani Hepesh anapinga: watatunyonya, tutapoteza mila zetu, watachukua madini. Daktari anamshinda, Hepesh anauawa na mnyama yule yule aliyemtumia kutisha watu, mfalme anajiunga. Shangwe.

Sasa tazama kalenda. Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 29 Januari 1972. Wiki moja kabla, tarehe 22, Waziri Mkuu Edward Heath alikuwa Brussels akitia saini mkataba wa Uingereza kuingia Jumuiya ya Ulaya. Na wakati ule ule wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa kwenye mgomo. Mwandishi, Brian Hayles, alikuwa anaandika habari za jioni akiziongezea manyoya.

Miaka 2 baadaye, Machi 1974, Daktari anarudi. Kwa watu wa Peladon imepita miaka 50. Mfalme kijana ameshakufa, binti yake Thalira anatawala. Jambo la kwanza tunaloligundua ni kwamba Hepesh, yule mzee mkaidi tuliyefurahia kushindwa kwake, hakuwa amekosea kila kitu.

Shirikisho limekuja kwa ajili ya madini ya trisilikati. Liko vitani na linayahitaji. Wachimbaji wanafanya kazi kwa mitambo mipya wasiyoiamini na maisha yao hayajabadilika hata kidogo. Gebek, kiongozi wao mwenye busara, anasema hivyo waziwazi: faida za kujiunga tulizoahidiwa ziko wapi? Ettis, mwenzake mwenye hasira, ameshachoka kuuliza. Nje ya televisheni, mgomo mwingine wa wachimbaji ulikuwa umemalizika wiki chache tu zilizopita, baada ya Uingereza kuishi takriban miezi miwili na wiki ya kazi ya siku 3, na Heath alikuwa ameangushwa katika uchaguzi wa Februari.

Kinachonivutia si kulinganisha siasa. Ni kwamba kipindi kilikuwa na ujasiri wa kumweka shujaa wake mbele ya matokeo ya ushindi wake. Sherehe ya 1972 ilikuwa ya ikulu. Ngome ilijiunga, mgodi haukuulizwa. Kamera haikuwahi hata kushuka mgodini mara ya kwanza. Daktari alizungumza na mfalme, na kuhani, na mabalozi, akaondoka akiamini amezungumza na Peladon.

Najua mtego huo vizuri. Mtendaji ana ofisi, ana kiti cha mgeni, ana muda.

Nikitafuta kasoro, naiona mwishoni. Baada ya sehemu 6 za ghasia (nyingi mno, wangepunguza 2) Thalira anampa Daktari nafasi ya kuwa Chansela. Anakataa na kumpendekeza Gebek. Vizuri, mchimbaji anaingia ikulu. Lakini ni mapendekezo ya mgeni tena, kwa malkia yule yule, ndani ya chumba kile kile, na chombo cha buluu kinangoja kona. Nani atarudi kuona kama Gebek alibaki upande wa mgodi au alianza kuvaa kama wale waliomtangulia? Katika televisheni, hakuna. Aliyebaki kutukumbusha kwamba mahali hapo palikuwepo ni Balozi Alpha Centauri, yule mwenye jicho moja na sauti nyembamba, aliyejitokeza tena kwa dakika chache mwaka 2017, akiigizwa kwa sauti ya mama yule yule, Ysanne Churchman. Nilipiga kelele sebuleni peke yangu.

## Nyundo iliyovunjwa

Stargate SG-1, mfululizo wa timu ya Wamarekani inayopita lango kwenda sayari nyingine, ilijipa sababu nzuri ya kuwa na sayari za kihistoria: Goa'uld, viumbe wanaojifanya miungu, waliwachukua wanadamu duniani zamani wakawasambaza kama mbegu, kwa hiyo huku kuna Wamisri, kule Wamongolia, kwingine watu wa Skandinavia. Bajeti ni ile ile ya mavazi ya kukodi, lakini imepewa ukoo.

Cimmeria ni ya Waskandinavia. Mwaka 1997 timu inafika na kukuta Nyundo ya Thor, mtambo unaomnasa kila Goa'uld anayepita langoni. Teal'c, mmoja wa timu, amebeba kiluwiluwi cha Goa'uld tumboni, kwa hiyo ananaswa naye, na hawezi kutoka hai mtambo ukiwa mzima. Wanauvunja. Rafiki ameokolewa, tumefurahi wote, twende nyumbani.

Mwaka uliofuata Gairwyn, mwanamke aliyewapokea, anatuma ujumbe. Heru'ur, mmoja wa Goa'uld, ameshuka na jeshi lake. Nyumba zinachomwa.

Hakuna kilichonishangaza kwenye simulizi hiyo isipokuwa kwamba ilikuwepo. Walivunja ukuta wa watu ili kumtoa mmoja wao, na kipindi kikasema wazi: hii ndiyo bei, na si nyinyi mliolipa. Thor wa kweli anapojitokeza, akiwa kiumbe mdogo wa kijivu na si jitu lenye ndevu, anawaokoa na kuweka nyundo nyingine. Ni usafi wa haraka kuliko ambavyo ningependa. Walakini jeraha la kudumu si la nyumba. Gairwyn sasa anajua mungu wake ni nani. Anarudi kijijini na siri hiyo, miongoni mwa watu ambao hawajaiona. Huyo ningemfuata kwa msimu mzima.

Abydos walifanyiwa ukatili zaidi. Hiyo ndiyo sayari ya filamu ya 1994, watu wa asili ya Misri waliompindua Ra, mtawala wao wa Kigoa'uld, kwa msaada wa wanajeshi wa Marekani. Mfululizo ulipoanza mwaka 1997, Apophis, Goa'uld mwingine, alikuja akawachukua wenyeji wawili, Sha're na Skaara. Mwaka 2003 Anubis, naye Goa'uld, akaiangamiza sayari nzima. Waandishi waliwapa watu wake rehema ya kupaa, kugeuka nuru, kwa mkono wa Oma Desala, kiumbe aliyekwisha kupaa mwenyewe. Watu wengi walilia. Mimi nilijiuliza ni mara ngapi hadithi humaliza watu inaowadai kwa kuwapeleka mbinguni.

## Beta III na kampuni ya kurudi

Star Trek yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 50 kulijibu swali, na ikalijibu kwa katuni.

Mwaka 1967 Kirk alifika Beta III, ule mji wa Forty Acres wenye kofia na magauni marefu, ambako kompyuta iitwayo Landru ilikuwa imewanyang'anya watu nafsi zao ili waishi kwa amani. Kirk akabishana na kompyuta mpaka ikajiua. Akamwacha mtaalamu wa jamii, Lindstrom, na timu yake. Kabla ya meli kuondoka Lindstrom anatoa ripoti kwa furaha: tayari kumetokea ugomvi wa ndani ya nyumba kadhaa na ngumi za kweli mbili. Si peponi, lakini ni maisha ya binadamu. Naipenda ripoti hiyo. Ni ripoti ya robo mwaka iliyoandikwa na kijana ambaye hajawahi kurudi mahali popote.

Katika Lower Decks ya 2020, meli ya Cerritos inafika Beta III. Kazi rasmi ya meli hiyo ni kuwa ya pili: wakubwa wakishakutana na watu wapya na kupigiwa makofi, Cerritos inakuja na makaratasi. Inakuta nini? Watu wa Beta III wamerudi kumtii Landru. Wakati fulani baada ya wageni kuondoka waliiwasha tena. Kapteni Freeman anaikaripia kompyuta kama mwalimu wa zamu, anaitishia kwa fumbo la kimantiki kama Kirk alivyofanya, inanywea, na tukio limekwisha kwa dakika chache kabla hadithi yenyewe haijaanza.

Ni utani. Nilicheka. Kisha nikajiuliza kitu ambacho katuni haikuwa na muda nacho: kwa nini waliiwasha?

Kipindi kinatutaka tuamini ni ujinga au mazoea. Lakini Landru aliwatawala kwa miaka 6,000. Kila kitu walichojua kuhusu kulima, kugawana na kunyamazisha ugomvi kilipitia kwake. Mgeni alikizima alasiri moja akawaachia uhuru na timu ya ushauri. Nadhani palikuwa na mkutano. Nadhani kuna mtu alisimama akasema tumechoka kuzika watoto wetu, na kuna mtu alipinga, na wakapiga kura. Inawezekana wale wa Beta III walifanya kwa hiari yao kosa ambalo awali walifanyiwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa, na Freeman hakuuliza.

## Wazo lililowekwa kando

Kuna hatima moja ya Iotia iliyokaribia kutokea. Mwaka 1996, Star Trek ikitimiza miaka 30, waandishi wa Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, walitaka kuiadhimisha kwa kurudi zamani. Wazo mojawapo la mwanzo lilikuwa kwenda Sigma Iotia na kukuta kwamba baada ya Kirk kuondoka wenyeji waliacha kuiga Chicago wakaanza kumuiga Kirk: sare zile zile za rangi, mikao ile ile, sayari nzima ya miaka ya 1960. Waliliacha wakachagua tribble, vile viumbe vidogo vyenye manyoya vya Star Trek ya zamani, na kusema kweli kipindi walichotengeneza ni kizuri mno kwa mtu kulalamika.

Bado wazo lile linanikera kwa namna nzuri. Ni mzaha unaotuhusu mashabiki, bila shaka, maana ni sisi tunaovaa sare hizo. Lakini linadhani kwamba Waiotia hawana uwezo mwingine zaidi ya kuiga. Kitabu kimoja, wakawa majambazi. Simu moja, wawe mabaharia wa anga. Mpwa wangu alikuwa na imani kubwa zaidi nao. Kwake yeye, mtu anayeweza kujenga mji mzima kwa kusoma kitabu kimoja, ukimpa kidude cha kufungua hatabaki kukisujudia.

## Ekos, kama ningeulizwa

Ambayo ningeirudia mimi si Iotia. Ni Ekos.

John Gill, mwanahistoria, mwalimu wa Kirk chuoni, alipelekwa Ekos kuangalia tu. Akakuta watu waliogawanyika, akawapa mfumo alioamini ulikuwa na ufanisi kuliko wote, wa Ujerumani ya Hitler, akidhani ataupunguza ukatili kama mtu anavyopunguza chumvi. Msaidizi wake Melakon akamlewesha kwa dawa akautumia ulivyo. Waathirika ni watu wa sayari jirani, Zeon, waliokuwa wamekuja kwa amani. Televisheni ya Ujerumani ilikaa miongo kadhaa bila kuirusha sehemu hiyo, na siwalaumu.

Mwisho wake ni huu: Gill anafaulu kusema ukweli hewani, anapigwa risasi, Melakon naye anapigwa. Eneg, kigogo wa chama aliyekuwa akiwasaidia wapinzani kwa siri, anazuia damu zaidi. Inasemwa hapo kwamba sasa wataanza kuishi vile Kiongozi alivyokusudia. Kirk anaambiwa nendeni, mengine tutayamaliza wenyewe. Anakwenda.

Vile Kiongozi alivyokusudia. Gill bado ni Kiongozi! Mwenye kosa la kwanza ametoka akiwa shahidi mtakatifu, lawama zote zimezikwa na msaidizi, na walinzi waliokuwa wakiwachapa watu mijeledi asubuhi bado wana sare, mishahara na funguo za mahabusu. Vitabu vya shule vinavyofundisha kwamba Wazeon ni nguruwe vimechapishwa vya kutosha miaka kumi. Duniani kwetu, hata baada ya jeshi la Hitler kusalimu amri kabisa na kesi za Nuremberg kufunguliwa mwaka 1945, majaji na maofisa wengi wa utawala ule waliishia kurudi kazini. Ekos haikushindwa na mtu. Ilibadilisha tangazo la redio.

Nataka kianze miaka 5 baada ya hapo, pasiwe na mgeni hata mmoja, wala meli. Kuna tume inayosikiliza kesi, na Eneg ndiye mwenyekiti, na kila shahidi wa Kizeon anayepanda kizimbani anaanza kwa kumtazama yeye. Kuna mwalimu wa historia aliyeagizwa kuandika mtaala mpya, sura ya John Gill, na wizara imeirudisha rasimu yake ikitaka maneno ya shukrani. Kuna mtu amerudi mtaani kwake akakuta mapazia ya mwingine dirishani, na mwenye mapazia ana hati, imepigwa muhuri, na muhuri ni halali. Anaanzia ofisi ya ardhi. Foleni ni ndefu, na karani aliye dirishani ni yule yule.